Troli ya maji ya kuchomelewa (mitungi 2), nimeitumia miezi 5 hapa Malindi: nyota 3 na nusu

Nimekaa na hii troli miezi mitano kwa hivo nadhani sasa naweza kusema. Ni ile troli ya chuma ya kubebea maji, tairi mbili, mitungi miwili ya lita 20 inasimama ndani, imechomelewa na fundi wa hapa hapa mjini ambaye simtaji jina manake nina ya kumlaumu na yeye ni mtu wa watu. Alianza na 3,500, tukavutana mpaka chai yake ikapoa, nikalipa 2,800. Kama wataka ya duka sijui bei, mimi ni ya fundi.

Nianze na kwa nini niliitaka, manake ukisoma bila hiyo utaona ni anasa.

Nakaa Kisumu Ndogo, mtaa wa hapa Malindi. Mfereji ndani ya nyumba hakuna, kwenye plot kuna kisima lakini maji yake ni ya chumvi, yafaa kuoshea choo na kumwagia uwanja na kusuuza sufuria, ukifulia sabuni haitoi povu na chai ukipikia hiyo utaimwaga mwenyewe. Maji matamu ni ya kioski, hatua kama mia tano hivi kutoka mlangoni, na hayo yanatoka Baricho kule visima vya mto Sabaki, yale yale yanayokwenda mpaka Mombasa. Kwa hivo mwenye hoteli Mombasa anafungua mfereji na mimi niliye karibu na mto napanga mitungi, lakini hiyo tuiache.

Nyumba tuko sita. Mimi, mama yangu mzazi, binti wa miaka 13, kijana wa 11, mwengine wa 7, na wa mwisho ndio kwanza anakimbia. Baba yao yuko kazini Mombasa, mwisho wa mwezi akipata anakuja, asipopata anapiga simu. Mimi nauza mahamri na mbaazi asubuhi barabarani. Maji tunayotumia ni mitungi sita kwa siku, na hiyo sita ilikuwa inakuja kwa kichwa cha binti yangu. Mtungi mmoja mmoja, ngata ya leso kuukuu, akitoka shule tu hata yunifomu hajavua vizuri. Mtungi wa lita 20 ni kilo 20. Yeye mwenyewe siku alipopimwa alikuwa kilo 36.

Najua mtu ataniuliza si ungeletewa na wa mkokoteni. Piga hesabu na mimi. Kioski mtungi ni bob 5, sita ni 30 kwa siku, mwezi 900. Wa mkokoteni kwetu ni 20 mtungi, siku 120, mwezi 3,600. Tofauti hapo ni 2,700 kila mwezi. Hiyo 2,700 ndiyo iliyokuwa imekaa juu ya kichwa cha mtoto, na mimi nilikuwa sijaiona hivo mpaka alipoanza kulala akigeuza shingo upande mmoja kama kuku aliyenyeshewa na kusema ati haigeuki upande wa pili. Kesho yake nikaenda kwa fundi.

Haya sasa troli yenyewe.

Chuma ni skwea tyubu, si nyepesi, imeshikwa vizuri, hapo simlaumu. Sehemu ya kukaa mitungi ina vyuma vya kuzuia pande zote nne, na juu unafunga na mpira uliokatwa kwenye tyubu ya pikipiki. Tairi ni za kujaza upepo, sio zile ngumu za plastiki, na hapo ndio nilikuwa mjanja manake fundi alitaka kunipa ngumu, ati hazina pancha. Kweli hazina pancha lakini njia zetu ni mchanga na mawe ya matumbawe yametoka nje kama meno, tairi ngumu nyembamba ikifika mchanga inazama na ikifika jiwe inaruka na maji yako yanabaki njiani. Ya upepo inapita. Pancha nimeziba mara tano kwa miezi mitano, hamsini hamsini.

Kosa kubwa la fundi ni lile la mshikio na eksoli, kile chuma kinachobeba tairi mbili. Alipima kwa urefu wake yeye! Jamani yeye ni mtu mzima ana mabega, mwenye kuvuta ni mtoto wa miaka 13 na wa 11. Mshikio ulikuwa juu, kwa hivo mtoto akiuvuta troli inalala sana nyuma, maji yanachuruzika kwenye kifuniko, na akitaka kuisimamisha lazima aning'inie. Halafu eksoli aliiweka nyuma mno, uzito wote ukawa unaangukia mikononi badala ya kukaa juu ya tairi. Siku ya kwanza binti alirudi akasema "mama, afadhali kichwa". Nilisikia uchungu, 2,800 zangu.

Nikairudisha. Fundi akasema "dada, mtoto atazoea". Nikamwambia hapana fundi, mtoto hazoei chuma, chuma ndicho kinakatwa. Akatoza mia tatu juu, nikalipa nikinuna, akakata mshikio ukafika kiunoni kwa binti na kusogeza eksoli mbele kama ngumi moja na nusu. Walahi ikawa kitu kingine. Mitungi miwili kilo 40 na wa miaka 11 anavuta kwa mkono mmoja, kwa mkono wa pili anakula embe. Kwa hivo ukienda kutengeza, nenda na mtoto mwenyewe atakayevuta, asimame hapo kwa fundi, ashike, na mwambie fundi ajaze mitungi maji kabla hajachomelea mwisho. Mitungi mitupu haikuonyeshi chochote.

Kutu nayo, huu ni mji wa bahari. Rangi aliyopaka ni ile nyekundu ya chini peke yake, akaniambia inatosha, mwezi wa tatu viungo vyote vimetoka kutu na kusi linavuma na chumvi yake. Nilinunua kopo dogo la rangi ya mafuta nikapaka mwenyewe. Beringi ya tairi la kulia ilianza kupiga kelele mwezi wa nne, mia na hamsini kubadilisha. Sasa ukijumlisha yote imeshafika kama 3,600 na kitu, yaani mwezi mmoja wa mtu wa mkokoteni. Kwa pesa, imejilipa zamani.

Muda je? Zamani maji yalikuwa yanamla binti saa nzima na dakika 40, nenda rudi mara sita. Na troli ni safari tatu, dakika 50 ukiweka na foleni. Na foleni msidanganyike, hiyo haina tairi, mfereji ukitoka kidogo kidogo utakaa pale na troli yako nzuri kama wengine wote. Siku stima ikipotea kule kwa pampu, hata maji hayaji, siku mbili tatu, basi hapo troli unaifanya kiti.

Ningeishia hapa ingekuwa nyota nne na nusu. Lakini kuna mambo ambayo sikuyategemea na ndio hasa nimekuja kuandika.

Kwanza kijana. Huyu wa miaka 11 miaka yote hajateka maji. Ukimtuma, ana tumbo, ana hesabu, ana mpira uwanja wa Alaskani, mara "mama, maji ya kichwa ni ya wasichana", na bibi yake anamtetea. Mimi nilikuwa nanyamaza, kusema ukweli, manake hata kwetu ndugu zangu wa kiume walikuwa hawateki. Troli ilipoingia nyumbani, mwanangu akawa dereva. Hata hakuombwa. Akafunga kengele ya baiskeli, akaweka kibao cha namba cha karatasi, anapiga honi na mdomo mpaka kioski. Yaani kazi ni ile ile, maji ni yale yale, kilichobadilika ni kwamba haikai kichwani inakaa kwenye tairi, basi ikawa ya wanaume. Nilicheka, halafu baadaye nikakasirika, halafu nikamwacha aende.

Wiki mbili hizo nilikuwa natangaza kwa mashoga zangu wote kwamba binti yangu amepumzika. Mpaka siku moja jioni nampigia kelele mbona nazi hazijakunwa, akaniambia taratibu tu, bila ufidhuli, akiwa juu ya mbuzi ya kukunia nazi na mtoto mgongoni, "mama mimi sijapumzika, nimehamishwa kazi."

Hiyo usiku sikulala vizuri. Nikachukua daftari la deni la mahamri nikaandika nyuma yake kazi zote za huyu mtoto, zamani na sasa. Nawapa muone:

Zamani: maji dakika 100 kila siku, vyombo dakika 30, kufagia dakika 20, kushika mdogo wake saa moja, na nguo Jumamosi masaa matatu. Ukijumlisha wiki ni masaa 27 na nusu.

Baada ya troli: maji sufuri, yote kaka yake. Lakini kushika mtoto ilikuwa imepanda masaa mawili kila siku, kwa sababu mimi nikimuona amekaa namuekea mtoto, na ikaongezeka kukuna nazi na kuchambua mbaazi dakika 45 kila jioni, ambayo zamani nilikuwa nafanya mimi. Vyombo, kufagia na nguo vile vile. Jumla masaa 28 na dakika 5.

Imezidi! Nimenunua kitu cha kumpunguzia mtoto kazi na kazi ikazidi dakika 35. Anayepumzika nikawa mimi, na mwenye kushangiliwa mtaani kwa kuteka maji akawa kaka yake, "mashallah kijana anasaidia mamake", na yule aliyeteka miaka minne hakuna siku alipigiwa makofi.

Niliwahi kuambiwa na mama mmoja anayefanya kazi ya watoto kwamba UNICEF wao kwa mtoto wa miaka 5 mpaka 14 wakihesabu kazi za nyumbani mstari wanauchora kwenye masaa 21 kwa wiki, akipita hapo basi wanamuandika kwenye ajira ya watoto. Nilimuona ana maringo. Sasa naangalia daftari langu, 28. Na huyo mtoto hajaajiriwa na mtu, yuko kwa mamake.

Ama tuseme ameajiriwa? Manake hapa ndio nilikwama. Katika ile mitungi sita, miwili ni ya biashara, ya kukandia unga na kuchemshia mbaazi na kuosha sahani za wateja. Nazi zinazokunwa ni za mbaazi za kuuza. Kwa hivo nikisema "kazi za nyumbani" najidanganya kidogo, manake nyumba na biashara ni jiko moja, sufuria moja, mkaa mmoja. Akikuna nazi anamsaidia mamake au anafanya kazi hotelini? Pesa inayotoka hapo ndio inamlipia daftari na viatu, na wala sioni aibu kwa hilo, watoto wetu lazima washike kazi, nyumba ya watu sita haiwezi kuendeshwa na mimi na mama yangu mwenye miguu mibovu. Lakini nimeacha kusema "anasaidia". Anasaidia ni yule wa 7 anayeleta kijiko nikikiomba.

Mama yangu nilipomsomea hesabu akanipa ile yake ya siku zote, samaki mkunje angali mbichi. Nikasema ndio mama. Moyoni nikasema na huyu wa kiume basi ni samaki gani, papa?

Jambo la pili ni pesa. Nawaonya wenye vijana. Mwezi wa pili nikaona mwanangu ana shilingi. Kumbe majirani wanampa mitungi yao, anawaletea kwa bob 10, nusu ya bei ya mkokoteni, akimaliza yetu anafanya safari nne tano za watu. Nikafurahi, nisiwadanganye, siku moja aliniletea 60 nikanunua mkaa. Halafu nikaitwa shule. Mwalimu akaniambia mtoto analala darasani na mara mbili wiki hiyo amefika wameshaanza, alikuwa anateka na asubuhi! Mimi saa hizo niko barabarani na karai, sijui lolote, bibi yake anaona anatoka na troli anadhani nimemtuma. Unaona vile inaanza. Hakuna aliyekaa akasema nampeleka mtoto kazini, ni troli tu na jirani mwema na bob 10.

Nikaweka sheria: siku za shule hakuna maji ya watu, Jumamosi safari tatu basi, na pesa inakaa kwa bibi. Jirani mmoja alininunia mpaka leo. Anunue troli yake.

Halafu nikapanga zamu, nimeiandika kwa chaki nyuma ya mlango. Maji kijana siku nne, binti siku tatu. Vyombo siku nne binti, tatu kijana, alilia. Kufagia na nazi ni za kijana, na nazi nimempa kwa sababu anakula tui nusu kwa hivo aifanyie kazi. Kila mtu anafua yunifomu yake, zilizobaki binti na mimi. Mtoto binti anamshika saa moja, Jumapili hapana, masaa mengine ni mimi na mama. Nikahesabu tena: binti masaa 12 na nusu, kijana masaa 13 na dakika 5. Kijana ameshajua kwamba amezidi dakika 35 na ananikumbusha kila siku, nikamwambia dadako amekudai miaka minne.

Na mimi ndio nimerudi kukosa usingizi, kuchambua mbaazi saa nne usiku, kwa sababu kazi haiendi mahali, lazima mtu aifanye. Hiyo troli haiwezi kukusaidia.

Mambo madogo madogo kabla sijasahau. Maji yanakuja safi kuliko ndoo ya wazi, kifuniko kimefungwa, hakuna jani la muarobaini linaelea. Usiache wadogo wapande, wangu wa 7 alipandishwa na kakake kama abiria, kidole kikabanwa kwenye mshikio, kucha ikatoka. Ukivuka barabara kubwa mtu mzima awepo, manake troli yenye kilo 40 haisimami ghafla na matuktuk ya Malindi hayasimami kabisa. Usiku ingiza ndani au funga na mnyororo, tairi zinachomolewa. Na kama una mlima au ngazi kwenu achana nayo.

Kuna mtu alinionyesha kwa simu lile pipa la Afrika Kusini, Hippo Roller, limeanza tangu 1991, maji yanajazwa ndani ya pipa lenyewe halafu unalisukuma linabingirika, lita 90 kwa mkupuo. Nimelipenda, kwa shamba kule Ganda ama Kakuyuni labda. Kwetu hapa kati ya nyumba na nyumba mtu mnene anapita kwa ubavu, pipa la kilo 90 litapitia wapi, na likimshinda mtoto kwenye mteremko litaingia kwa jikoni ya mtu.

Kwa hivo nyota ni hivi: chuma chake nne, kipimo cha fundi moja na nusu (baada ya kurekebishwa nne), rangi mbili, kuokoa shingo ya mtoto tano kamili, sasa anageuza pande zote na anageuza sana akiitwa kuosha vyombo. Kuokoa muda siwezi kuweka nyota, manake huo muda niliula mimi. Jumla nimeweka 3 na nusu. Ningeinunua tena? Ndio, kesho, lakini ningeanza na chaki na mlango ndio niende kwa fundi.

Naandika hii jioni, tairi la kushoto limelala tena, nawasikia nje wanabishana nani aipeleke kwa fundi wa baiskeli. Binti anasema leo si zamu yake. Nimechungulia nyuma ya mlango, kweli si zamu yake.